Nyongeza

Bwana Prosser aliniita chumba cha nyuma, kwenye magunia ya unga,
uso unang'aa kama trei iliyopakwa siagi.
"Mererid, nimekupigania," akasema.
"Peni arubaini kwa saa, kuanzia Jumatatu."
Akanyoosha mkono, nimshike, nimshukuru.

Nikautazama ule mkono.
Kichwani hesabu ilikwisha anza:
arubaini mara saa zangu za wiki,
jumlisha zile nilizomshikia Delyth alipoumwa jino,
toa nauli ya basi (hapana, nauli hawaihesabu).
Jibu likaja, na lilikuwa juu ya mstari
kwa kiasi kisichonunua hata kiberiti.

Nikasema, "Naomba usinipe."

Akadhani nimetania. Nikamweleza.
Kuna posho ninayolipwa kwa kumtunza kaka yangu Emlyn:
kumgeuza saa nane usiku, kumgeuza tena saa kumi,
kumlisha kwa kijiko cha plastiki kisichomgonga meno,
kumnyoa, kumsomea matokeo ya raga
hata timu yetu ikifungwa.
Posho hiyo ina mstari.
Si ngazi, useme ukipanda kidato watapunguza kidogo.
Ni genge.
Huku unalipwa yote; vuka kwa peni moja,
hulipwi hata hiyo peni.

Nami nilikwisha poromoka.
Ilikuwa Krismasi, keki za matunda hadi darini,
wiki kadhaa za saa za ziada, nikafurahi kama mjinga,
nikamnunulia Emlyn blanketi la umeme.
Miezi kumi na minne ikapita, kimya.
Kompyuta yao ilijua tangu wiki ya kwanza;
ilikaa tu, kama paka anayemtazama panya akinenepa.
Kisha bahasha ya kahawia, ile yenye kidirisha:
*Ulilipwa usichostahili. Rudisha.*
Nikarudisha kidogo kidogo, kila Ijumaa.
Mkate nilioukanda mwaka juzi
niliulipia mwaka jana.

Emlyn aliniuliza, kwa ile sauti yake ya kuburuta,
"Katika hesabu hiyo, mimi ni nani?"
"Wewe ni saa thelathini na tano," nikamjibu.
Ndizo wanazotaka nithibitishe kwa wiki.
Akacheka mpaka nikamfuta mate.
Wiki ina saa mia moja sitini na nane, akasema;
hizo nyingine,
wanadhani nani huja kunigeuza?

Zamani yeye alikuwa fundi wa mizani,
akipita maduka ya bonde zima
kukagua kama ratili ni ratili.

Basi Bwana Prosser akanipa nyongeza, kwa kuwa ni lazima wapewe wote,
na akanipunguzia muda, kwa kuwa nilimwomba.
Sasa natoka saa saba kasoro dakika ishirini.
Si robo. Kasoro ishirini.
Nafanya kazi kidogo zaidi ili nipate kilekile,
na watu huniambia nina bahati kuwahi nyumbani.

Jana nilikuwa naandika juu ya keki ya mtoto,
anatimiza miaka saba, anaitwa Angharad.
Sukari ya waridi, mkono umetulia.
Nilifika *Angha*
saa ikafika.
Nikaweka mfuko chini.
Delyth akanitazama. Bwana Prosser akasema,
"Malizia tu, mama, herufi tatu."
Herufi tatu ni bei gani, Bwana Prosser?

Nikavua aproni, nikatia saini kitabuni,
nikatoka kwa mlango wa nyuma, kwenye mvua,
nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa wateja,
na kama mpita njia yeyote aliyeona kitu hakijaisha
nikaandika *r*, nikaandika *a*, nikaandika *d*.

Basi likanipita.
Emlyn alilala ubavu uleule
dakika kumi na tisa zaidi.